Kwa Nini Wanamuziki wa Katuni Wanapiga Kelele?

Chukua katuni yoyote ya Kibongo yenye mwanamuziki jukwaani. Hata kabla hujaifungua naweza kukutajia karibu kila kilichomo. Mdomo umefunguka mpaka koromeo linaonekana. Jasho linaruka pande zote. Nota tatu nne nyeusi zinaelea hewani, zote za aina moja, ile yenye mkia. Spika inatetemeka. Pembeni kuna mlevi na chupa yake, na dada aliyevaa kimini. Chini kuna maneno ya mzaha. Umecheka, umefungua ukurasa mwingine, basi.

Ndugu msomaji, sina ugomvi na mzaha. Kusema kweli vibonzo ndivyo vilivyonifundisha kusoma Kiswahili. Nyumbani Kibondo tulikuwa tunaongea Kiha tu, Kiswahili kilikuwa cha shuleni. Lakini mjomba alikuwa na kibanda cha kunyolea karibu na stendi, na kwenye benchi la kusubiria kulikuwa na rundo la magazeti ya Sani ya zamani, mengine hayana jalada, mengine yameliwa na panya pembeni. Wateja wakisubiri zamu, mimi nasoma. Ndumilakuwili, Lodi Lofa, Madenge, Pimbi: hawa niliwajua kabla sijajua majina ya mawaziri. Baadaye sana nikaja kuelewa kwamba jina Sani limetokana na waanzilishi wawili, Saidi Bawji na Nico ye Mbajo, na kwamba Philip Ndunguru, mmoja wa wachoraji waliolipatia gazeti lile sura yake, alifariki mwaka 1986 akiwa kijana bado. Kabla yao alikuwepo Chakubanga wa Gregory katika gazeti la Uhuru. Watu wazima wa Kibondo mpaka leo wakiona mtu amevaa ovyo wanasema, "Tazama Chakubanga huyu."

Katika nakala nilizosoma mimi pale kibandani, ukumbi wa dansi haukuwa mbali. Na si ajabu, maana miaka ile dansi ndiyo ilikuwa jioni ya mjini. NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Vijana Jazz ilikuwa ya Umoja wa Vijana. DDC Mlimani Park ikaja mwaka 1978. Yaani mpiga solo alikuwa mwajiriwa kama karani, mwenye zamu na mshahara, anarudi nyumbani usiku wa manane vidole vinamuuma. Huyo karani wa gitaa sikumwona kwenye katuni. Nilimwona mpenda wanawake, mlevi, au bishoo mwenye suruali pana. Muziki wenyewe ulikuwa pazia tu la nyuma: nota mbili, na tujue hapa ni baa.

Sasa mimi ni mwanafunzi wa Elimu, mwaka wa tatu, somo langu ni Kiswahili na Historia. Kwenye fasihi simulizi tunakaririshwa kitu kimoja mpaka kinaingia kwenye mifupa: hakuna fanani bila hadhira. Wimbo hauko mdomoni kwa mwimbaji peke yake. Uko kati yake na waliokaa mbele yake. Wakipiga makofi unabadilika, wakinyamaza unabadilika, mmoja akitoa machozi unabadilika tena. Ukilipeleka somo hili kwenye katuni unaona tatizo mara moja. Mchoraji anahangaika na fanani, anampanua mdomo, anammwagia jasho, kwa sababu anaogopa ukimya wa karatasi. Karatasi haina sauti, kwa hiyo anaijazia kelele. Hadhira inabaki vichwa vyeusi kumi pale chini, kama viazi kwenye sinia.

Nilidhani hili ni letu sisi tu, mpaka rafiki yangu wa hosteli anayesoma Sanaa akaanza kunirushia kwenye simu picha za vibonzo vya Marekani na Ufaransa kuhusu wanamuziki wa bluzi. Niseme hapa mapema, maana kwetu ukisema bluzi watu wanafikiria ule wimbo wa taratibu wa mwisho wa disko, wa kukumbatiana. Hii ni nyingine. Ni muziki wa watu weusi wa kusini mwa Marekani, watoto na wajukuu wa watumwa, waliokuwa wakilima pamba kwenye mashamba ya watu. Jumamosi usiku mtu mmoja na gitaa lake anakaa kwenye kibanda, wengine wanacheza, wanakunywa, wanagombana, na yeye anaimba habari za njaa, mafuriko, mwanamke aliyeondoka na treni.

Charley Patton, aliyefariki mwaka 1934, ni mmoja wa wakubwa wa muziki huo kule Mississippi. Mchoraji Robert Crumb, ambaye mwenyewe anapiga ala na anakusanya santuri za zamani, alimchorea kibonzo kirefu mwaka 1985. Patton alikuwa na vituko: alikuwa anapiga gitaa akiwa ameliweka nyuma ya kichwa, mara katikati ya magoti. Kwa mchoraji hiyo ni zawadi. Kituko kinachoreka. Mwingine ni Robert Johnson, aliyerekodi nyimbo 29 tu katika miaka ya 1936 na 1937, akafa mwaka 1938 akiwa na miaka 27. Wafaransa wawili, Mezzo na Dupont, walimtolea kitabu kizima cha picha mwaka 2014. Na ukitaja Johnson, kila mtu anakuja na hadithi ileile: eti aliuza roho yake kwa shetani kwenye njia panda ili ajue gitaa. Shetani naye anachoreka vizuri. Ana pembe.

Rafiki yangu aliniuliza, "Umeona wenzetu wanavyochora?" Nilimjibu nimeona, na wanajua kazi kuliko sisi kwa mwanga, kivuli na nyuso. Lakini angalia vizuri kinachochorwa: kituko, pombe, shetani. Mtu aliyekaa na kupiga ala yake kwa utulivu, watu wakamsikiliza, bado hana mchoraji wengi. Nilimwambia, kwetu Kigoma yupo mtu huyo, na nikamwahidi nitaandika habari zake. Ndiyo haya.

Nyanda za juu za Kigoma, kuanzia Kasulu mpaka Kibondo na Kakonko, tuna ala inaitwa inanga. Ndugu zetu wa Burundi wanayo pia, na wao ndio wanaojulikana nayo zaidi. Ni kipande cha ubao kilichochongwa kikawa na shimo refu kama sinia jembamba. Kwenye ncha zake mbili kuna meno, na uzi mmoja mrefu unapitishwa huku na kule kwenye meno yale, kwa hiyo ukitazama unaona nyuzi saba au nane, kumbe ni uzi uleule. Mpigaji anakaa chini, anaiegemeza, anaidonoa kwa vidole vya mikono yote miwili. Sauti yake ni nzito na ndogo. Ukiwa mlango wa pili huisikii.

Na mwimbaji wa inanga, katika namna moja ya zamani, haimbi kwa sauti. Ananong'ona. Hapa ndipo pananifurahisha kila nikieleza. Mnong'ono hauna toni. Jaribu mwenyewe sasa hivi, nong'ona wimbo wa taifa uone kama mwenzako ataupata. Lakini Kiha na Kirundi ni lugha za toni, na nyuzi za inanga zinapanda na kushuka pamoja na maneno. Basi sikio lako linachukua toni kutoka kwenye nyuzi, linachukua maneno kutoka kwenye mnong'ono, linaviunganisha, na wewe unaapa kwamba umemsikia mtu akiimba. Hakuimba. Wewe msikilizaji ndiye uliyemalizia wimbo kichwani mwako.

Babu yangu anapiga inanga. Ana miaka themanini na kitu, vidole vimeanza kukakamaa, na anapiga akijisikia tu, jioni, baada ya kula. Inanga yake ilichongwa na mzee mmoja wa Kirundi aliyeingia na wakimbizi wa mwaka 1972, akaishi kijijini kwetu miaka mingi, kisha familia yake ikahama. Ndiye aliyekuwa anaijulia nyuzi. Tangu aondoke, uzi ukikatika babu anaunga kwa nailoni ya kuvulia samaki, na anasema sauti si ile. Watu wa kwetu wamekuwa wakivuka mpaka na kurudi kwa miaka hamsini sasa. Kambi zimefunguliwa na kufungwa, Nyarugusu ipo tangu mwaka 1996, Nduta ikafunguliwa tena mwaka 2015. Kwenye malori hayo yote watu wamebeba sufuria, magodoro na watoto. Ala ya mti inayotoa sauti ndogo si kitu cha kwanza mtu anachokumbuka kubeba.

Likizo mbili zilizopita niliamua nimrekodi kwa simu. Nilisikiliza baadaye: kuku, upepo kwenye bati, bodaboda inapita, mtoto wa jirani analia, na chini kabisa kitu kama mtu anakuna ubao. Simu haisikilizi kama watu. Inachukua kila kitu sawasawa, haimalizii chochote.

Binamu yangu anachora. Ndiye anayeandika mabango ya vibanda vya kunyolea na migahawa pale Kibondo mjini, ukiona kichwa chenye mtindo wa "panki" ukutani jua ni mkono wake. Nikamwomba amchore babu akipiga, katuni ya ukurasa mmoja, tuibandike sebuleni. Akaileta baada ya siku mbili, rangi safi kabisa. Babu amekaa kwenye kigoda, mdomo wazi, meno yote yanaonekana (na babu hana meno ya mbele), jasho linamtoka, nota nyeusi zimejaa hewani kama nzi. Nyuma yake jua kubwa. Sote tulisema amepatia sura.

Babu aliishika, akaisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu.

"Uyu ni nde?" Huyu ni nani?

"Ni wewe, babu."

Akaitazama tena. "Mbona anapiga kelele? Amefiwa?"

Tulicheka wote, yeye pia. Binamu akasema, "Sasa babu, nisipokufungua mdomo watajuaje unaimba?" Babu akamjibu kwa upole kabisa: "Waliokuja kusikiliza wanajua." Picha ile haikubandikwa. Hakuna aliyekataza, ila imekaa nyuma ya kabati.

Swali la binamu ni la haki, na sitaki kulipita haraka. Mchoraji hachori kwa ajili ya babu. Anachora kwa ajili ya mtu wa Mtwara ambaye hajawahi kuona inanga. Akichora mzee aliyefunga mdomo na ubao mapajani, mtu wa Mtwara atadhani mzee anapepeta mchele. Nota inayoruka ni kama alama ya mkato: haina uzuri, lakini inamsaidia msomaji. Ndiyo maana nilipopangiwa mazoezi ya kufundisha kwenye sekondari moja ya Kasulu mwaka jana, nililipeleka swali hili darasani, tuone watoto watasemaje.

Ilikuwa kidato cha pili, wanafunzi zaidi ya sitini, mada ya fasihi simulizi. Baada ya kufundisha fanani, hadhira na jukwaa, nikawapa kazi: chora kibonzo cha visanduku vinne kuonesha mtu akiimba mbele ya watu. Usiandike maneno zaidi ya kumi. Daftari zikaja. Karibu zote zilikuwa na kijana mwenye maiki, miwani myeusi, mkufu shingoni. Nawaelewa. Kigoma inajivunia wasanii wake, na watoto hawa walikuwa wadogo kabisa wakati wasanii wenye asili ya mkoa wetu walipoungana mwaka 2012 kutoa Leka Dutigite, wimbo ambao mpaka leo ukipigwa kwenye basi la Kasulu watu wanaitikia. Mwanamuziki kwao ni mtu mwenye maiki. Kuna mmoja tu aliyechora kwaya, na mmoja aliyechora ngoma.

Na binti mmoja wa benchi la nyuma, mkimya, alichora hivi. Kisanduku cha kwanza: nyumba usiku, mlango uko wazi, mwanga unatoka. Cha pili: miguu ya watu waliokaa chini, mitupu, mikubwa na midogo, imechorwa mmoja mmoja. Cha tatu: mikono miwili juu ya nyuzi, hakuna kichwa. Cha nne: bibi amejifuta jicho kwa ncha ya khanga. Hakuna nota, hakuna neno hata moja.

Niliomba ruhusa yake nikaionesha darasani. Wakaanza: "Mwalimu, huyu hajachora mwanamuziki!" "Mdomo uko wapi?" Nikauliza, "Kwani hapa kuna muziki au hakuna?" Kelele. Kisha kijana mmoja anayetoka upande wa Makere akasema upo. Unajuaje? Akasema, "Si wamekaa wote na hakuna anayeongea. Kwetu watu wakikaa hivyo usiku, ama kuna msiba, ama kuna mtu anapiga. Na kama ni msiba bibi angelia kwa sauti."

Darasa lilitulia kidogo. Wakaanza kubishana wao kwa wao, na mimi nikakaa pembeni. Wengine walishikilia kwamba mgeni hataelewa. Mwalimu wa somo, ambaye alikuwa amekaa nyuma akinitazama, baadaye ofisini aliniambia kitu ambacho nimekishika: "Ni kweli mgeni hataelewa kwa kuitupia jicho. Lakini yule mwenye maiki, mgeni anamwelewa kwa kumtupia jicho na hapohapo anamsahau." Yule binti nilimpa nane kati ya kumi. Mbili nilizikata kwa sababu maelekezo yalitaka fanani aonekane, na mikono peke yake ni nusu ya fanani. Aliuliza kwa nini, nikamweleza, akasema sawa mwalimu, lakini uso wake ulisema si sawa. Bado namheshimu kwa uso ule.

Nikirudi kwenye vibonzo, nafikiri binti yule aligusa kitu ambacho mabingwa wengi wanakipita. Katuni na inanga ni ndugu. Zote mbili hufanya kazi nusu. Mpiga inanga anakupa mnong'ono na nyuzi, wewe unatengeneza wimbo. Mchoraji anakupa kisanduku na kisanduku, na kile kilichotokea katikati unakitengeneza wewe. Kwa hiyo kati ya sanaa zote, kibonzo ndicho kilichopaswa kuuweza muziki wa taratibu: huo wa babu, huo wa Mississippi, na hata ule wa Remmy Ongala anapoimba juu ya kifo na wanyonge, ambapo ukumbi mzima wa watu waliokuja kucheza unabaki unasikiliza maneno. Kinachokosekana ni uvumilivu wa kuchora wanaosikiliza. Mtu anayesikiliza ana mambo mengi mwilini: kidole kinachogonga goti, chai iliyopoa mkononi, mtoto aliyelala bila kubembelezwa, mlevi aliyeacha kuongea. Sauti imo mle.

Wapo waliolijua hili. Moké, mchoraji wa Kinshasa aliyefariki mwaka 2001, alikuwa anachora baa na bendi zake, na kwenye turubai zake waliokuja kusikia na kucheza ndio wanaojaa. Barly Baruti, mzaliwa wa Kisangani, ni mchoraji wa vibonzo na pia mpiga gitaa, na mwaka 2014 alichora kitabu cha vita vya kwanza vya dunia kwenye Ziwa Tanganyika, habari za meli tunayoiita Liemba, iliyozamishwa karibu na Kigoma mwaka 1916 na baadaye ikaibuliwa. Yaani ziwa letu limeshaingia kwenye kibonzo kikubwa cha dunia, na mchoraji wake anajua gitaa. Milima yetu bado.

Kwa nini nahangaika? Kwa sababu babu hana kanda, hana santuri, na simu imeshindwa. Charley Patton kwa uchache aliacha nyimbo zake; Crumb akikosea, tunaweza kwenda kumsikiliza Patton mwenyewe. Babu akichorwa vibaya, hakuna pa kwenda kuhakikisha. Wajukuu wa wajukuu wataona mzee mwenye meno yote anapiga kelele chini ya jua, na watajua wamemjua.

Binamu amekubali kuanza upya. Safari hii ni kurasa sita, na tumewekeana masharti: hakuna nota, hakuna jasho, ni usiku, na uso wa babu unaonekana mara moja tu, mdomo umefumba. Kwa ajili ya mtu wa Mtwara, kisanduku kimoja kinaonesha inanga yote, na kile kipande cha nailoni kimechorwa kwa rangi yake. Mpaka naandika haya, kurasa mbili zimekamilika, amenitumia picha zake. Ukurasa wa kwanza wote ni watu wanaingia mlangoni na kutafuta mahali pa kukaa. Boom likitoka nitapanda basi nikawahi ukurasa wa tatu, maana ndio wenye mikono, na binamu anataka akae siku nzima karibu na babu aone kila kidole kinakanyaga uzi gani. Babu amesema aje tu, ila aje jioni, na asije na mdomo wa kuuliza-uliza.